Maswali ya Wafugaji: Farasi wa Bahari Aliyejaa Hewa

Tumepokea barua tatu, mbili za Kigoma na moja ya Tabora, na zote zinahusu samaki waliopatwa na hewa mwilini. Tumeziweka pamoja kwa sababu, ingawa samaki wenyewe hawafanani, kinachowadhuru ni kitu kimoja.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi wa redio na runinga, ninaishi Mwanga, Kigoma. Miezi mitatu iliyopita shemeji yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam farasi wa bahari watatu (wale samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi), dume mmoja na majike wawili, ambao walisafiri kwa ndege wakiwa katika mifuko ya maji iliyotiwa oksijeni. Ninawafuga katika tangi la kioo la lita 120, lenye kimo cha sentimita 40, na maji yao ninayatengeneza kwa chumvi maalumu ya bahari. Jike mmoja alikufa wiki ya kwanza akiwa na viputo mkiani, vidogo kama vichwa vya pini. Sasa dume naye amevimba mfuko wake, anaelea juu ya maji huku mkia ukinyanyuka, na hawezi kushuka kula. Jirani amenishauri nitoboe uvimbe kwa sindano, na rafiki amenipa vidonge vya tetrasaiklini nivisage majini. Jambo jingine ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, pampu hutoa viputo vingi hadi maji yanakuwa meupe kama maziwa. Mimi nilidhani hewa ikizidi ni heri kwa samaki. Nifanye nini?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza weka sindano mbali. Ngozi ya farasi wa bahari imelala juu ya magamba ya mfupa, ni nyembamba, na tundu utakalolitoboa litakuwa mlango wa bakteria wa maji ya chumvi, hasa wale wa jamii ya vibrio, ambao humwua samaki huyu haraka kuliko hewa yenyewe. Tetrasaiklini nayo irudishe kwa mwenyewe, kwa sababu maji ya bahari yana kalsiamu na magnesiamu nyingi ambazo huishika dawa hiyo na kuipunguza nguvu, na kile kidogo kinachobaki kinaweza kuwadhuru bakteria wema wanaokusafishia amonia katika chujio.

Ugonjwa ulionao nyumbani huitwa ugonjwa wa viputo vya gesi, na wewe umeuona kwa sura mbili. Jike alikuwa na gesi chini ya ngozi, ambayo hujitokeza mkiani, puani na kuzunguka macho, na mara nyingine husukuma jicho nje. Dume ana gesi ndani ya mfuko wa kulelea mayai, ule ulio mbele ya mkia chini ya tumbo, kwani kwa farasi wa bahari dume ndiye anayebeba mimba. Ipo sura ya tatu, ambayo gesi hujaa katika kibofu cha hewa, yaani kifuko cha ndani kinachomsaidia samaki kuelea, au ndani ya tumbo lenyewe, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuitibu kwa kuwa huwezi kuifikia kwa mkono. Kuelea kwa dume wako ndiko kunakonifanya niamini kwamba ni gesi na si mimba, kwa maana dume mwenye mimba, ambayo huchukua wiki mbili hadi nne, huwa mzito na hupenda kujishika chini. Hata hivyo mulika mfuko kwa tochi kutoka nyuma usiku: mfuko wa gesi hupitisha mwanga, na wa mimba huonekana umejaa vitu vyenye giza.

Sasa tuangalie chanzo, na hapa nakuomba unisome bila haraka, kwa sababu ukimtibu dume na kumrudisha katika maji yaleyale utanitumia barua nyingine kabla mwezi haujaisha. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao ni wa ukoo wa heringi, wana mfereji unaounganisha kibofu chao cha hewa na njia ya chakula, hivyo hewa ikizidi huweza kutolewa kwa kinywa. Farasi wa bahari hana mfereji huo. Kibofu chake kimefungwa pande zote, hujazwa na kupunguzwa kwa njia ya damu peke yake, na gesi inayozidi mwilini mwake haina pa kutokea kwa upesi. Kwa hiyo yeye ni miongoni mwa samaki wa mwanzo kuonyesha kwamba maji yamebeba gesi kupita kiasi chake.

Maji hubeba gesi kadiri mgandamizo wa hewa iliyo juu yake unavyoruhusu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa huo, mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 91 ya ule wa pwani. Maana yake ni kwamba maji yaliyoshiba gesi huko Dar es Salaam yakifika Kigoma huwa na ziada ya karibu asilimia 10, na ndani ya ndege, ambako mgandamizo hushuka zaidi ya hapo, ziada hiyo huwa kubwa zaidi kwa muda wa safari. Gesi isiyo na nafasi majini hutafuta pa kutokea, na ikiwa tayari imo ndani ya damu ya samaki hutokea humo humo. Marekani walilijua jambo hili kwa hasara katika miaka ya 1960 na 1970, pale salmoni walipokufa katika mto Columbia kwa sababu maji yaliyoanguka kutoka mabwawa makubwa yalizama na hewa hadi vilindini. Baadaye wakaweka kiwango kwamba jumla ya gesi majini isizidi asilimia 110 ya kile ambacho hewa ya mahali pale inaruhusu. Mimi ningependa farasi wa bahari akae chini sana ya kiwango hicho. Siwezi kuapa kwamba jike wako aliuawa na safari, lakini viputo vya mkiani vilivyotokea ndani ya wiki ya kwanza vinanielekeza huko, na anayeletewa samaki wa pwani hapa kwetu ni vyema ayafungue maji ya mfuko mapema, ayatikise taratibu, na aongeze maji ya tangi kidogo kidogo.

Dume wako ni kesi nyingine, na ushahidi wake umeuandika mwenyewe. Maji yanayogeuka meupe kama maziwa umeme unaporudi ni alama ya pampu inayonyonya hewa. Ndani ya pampu ile hewa husagwa na kusukumwa majini kwa nguvu, na maji huishika kupita kiasi chake. Viputo vikubwa vya jiwe la hewa, lile lenye vitundu linalofungwa kwenye mpira wa hewa, hupanda na kupasuka juu bila madhara, lakini vile laini mfano wa vumbi la unga huyeyuka, na hivyo ndivyo vinavyodhuru. Nilipokuwa Tanga nilimpoteza dume mmoja kwa kosa hilo hilo: nilimtibu mara tatu, mara tatu akapona, mara tatu akarudia, na mara ya nne nilipogusa mpira wa kuingizia maji nilikuta ufa usiozidi unene wa uzi. Kwa hiyo leo hii, kabla ya dawa, zima pampu, kaza viungo vyote vya upande unaovuta maji, hakikisha mdomo wake uko chini kabisa na maji ya tangi hayapungui kwa mvuke hadi kuufikia, kisha iwashe na utazame kwa tochi. Usimrudishe samaki hadi uone maji matupu.

Tiba ya dume inaanza na mfuko. Mtafute mtu wa kukusaidia, mkaoshe mikono na kuisuuza isibaki sabuni, na mweke bakuli pana la maji ya tangi lake. Duka la dawa huuza kanula za watoto wachanga, yaani mirija ya kuingizia dawa mshipani, zile zenye kichwa cha njano. Vuta sindano yake uitupe mahali salama, ubaki na mrija laini wa plastiki, na uuunganishe na bomba la sindano la mililita moja. Mshike dume chini ya maji, kichwa juu, mkia wake umezingira kidole chako, kwa sababu tundu la mfuko liko upande wake wa juu na hewa haiwezi kutoka ukimlaza. Lowesha mrija, uingize milimita chache tu katika tundu hilo, kisha sukuma mfuko kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu kama anayekamua, bila nguvu. Utaona viputo vikitoka. Ukikutana na ukinzani, acha, mpumzishe katika tangi, ujaribu tena baada ya saa chache. Sioni aibu kumwambia mtu kwamba jaribio la kwanza huenda lisifaulu, kwa kuwa la kwangu halikufaulu.

Dawa inayosaidia zaidi ni asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox. Hospitali huitumia kwa presha ya macho, na wapandaji wengi wa Mlima Kilimanjaro huimeza ili kujikinga na maradhi ya kimo, kwa hiyo si dawa ngeni nchini. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kinachogeuza kabonidayoksaidi na maji kuwa asidi. Samaki hukitumia kimeng'enya hicho anapotoa gesi kutoka katika damu kuijaza sehemu kama kibofu, na kikizuiwa, utoaji huo hupungua na mwili hupata nafasi ya kuinyonya gesi iliyokwisha kukusanyika. Ipate kwa cheti cha daktari wa mifugo, na kama wewe au msaidizi wako ana mzio wa dawa za salfa, avae glavu, maana dawa hii ni jamaa ya hizo.

Kwa kuusafisha mfuko, chukua sehemu moja ya nane ya kidonge cha miligramu 250, isage, iyeyushe katika mililita 120 za maji ya tangi, yaani kama nusu kikombe cha chai, uchuje kwa kitambaa safi ili chembe zisikwaruze. Baada ya kutoa hewa, ingiza kidogo kidogo, robo hadi nusu mililita, uvute irudi, urudie mara mbili au tatu, kisha umwache dume apumzike. Siku tatu mfululizo hutosha kwa wengi. Ikiwa mfuko unajaa tena, au ukiona viputo chini ya ngozi, usiendelee kuchezea mfuko; mwogeshe.

Bafu hilo hufanywa nje ya tangi kuu. Kipimo chake ni kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa lita 38, ambacho kwa ndoo yetu ya lita 20 ni nusu kidonge. Ndoo iwe mpya, haijawahi kutiwa sabuni wala dawa ya kufulia. Ndani yake uweke kamba ya katani iliyofungiwa jiwe ili mgonjwa apate pa kujishika, na jiwe la hewa la viputo vikubwa. Usiweke mkaa wa chujio, kwa kuwa huinyonya dawa. Kila siku badilisha maji yote kwa maji yenye chumvi na joto sawa, uliyoyaandaa tangu jana yake, utie dawa upya, na uendelee hivyo kwa siku 7 hadi 10. Hamu ya chakula itapungua; hiyo ni tabia ya dawa na si lazima iwe dalili ya kufa. Farasi wa bahari hana tumbo la kuhifadhia chakula, hivyo siku mbili za njaa kwake ni nyingi, na ningekushauri utafute uduvi hai, hata wale wadogo wa ziwani, umletee wachache wachache karibu na pua, na uwatoe waliokufa kabla hawajaoza. Viputo vya chini ya ngozi huambatana mara nyingi na bakteria, na hapo mtaalamu akuchagulie antibiotiki ya kwenda pamoja na bafu.

Huenda umesikia kwamba wenye mahodhi makubwa humteremsha farasi wa bahari katika kina cha mita kadhaa kwa siku chache ili uzito wa maji uirudishe gesi katika damu. Ni kweli, lakini Ziwa Tanganyika lisikushawishi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, na ya ziwa letu haifiki hata gramu moja. Humo atakufa kwa sababu nyingine kabisa.

Kina hicho hicho, hata hivyo, ndicho kinacholitia dosari tangi lako. Kila mita moja ya maji humsaidia samaki kustahimili ziada ya gesi ya takriban asilimia 10. Tangi la sentimita 40 halimpi hata nusu ya msaada huo, na anayeelea juu hana msaada wowote. Ukipata fedha, tengeneza jingine lenye kimo cha sentimita 75 au zaidi, jembamba kadiri utakavyo, kwa kuwa farasi wa bahari hutumia urefu wa kwenda juu kuliko upana. Joto nalo lishushe hadi nyuzi 23 au 24, kwa feni inayopuliza juu ya maji, na wakati wa jua kali kwa chupa ya barafu iliyofungwa vizuri. Joto likipanda, maji hushindwa kubeba gesi ambayo yamekwisha kuibeba na bakteria huongezeka. Na tafadhali usimwagize shemeji samaki mwingine hadi hawa waliobaki wameishi miezi mitatu bila kiputo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tabora mjini. Nina samaki wa dhahabu wanne wa wajukuu. Tulichimba kisima kirefu cha pampu, na juzi nililiosha tangi nikalijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani. Jioni mapezi yao yalikuwa na viputo kama shanga, na asubuhi wawili walikuwa wamekufa ingawa maji yalikuwa yakimeta. Je, kisima kina sumu?
Msomaji, Tabora

JIBU: Shikamoo mwalimu, na pole. Sidhani kwamba kisima kina sumu. Maji ya chini sana ardhini yamekaa chini ya mgandamizo mkubwa, na mara nyingi hutoka yakiwa na nitrojeni nyingi na oksijeni kidogo, yaani yanawajaza samaki gesi huku yakiwanyima pumzi. Kisha Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Kigoma, na maji yakiota joto ndani ya tangi hushindwa zaidi kuishika gesi hiyo. Kwa mfano, maji matamu ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 26 hubeba 8.1 tu.

Waliobaki hawahitaji dawa. Yajaze maji katika glasi safi uyaache nusu saa: ukiona ukuta wa glasi umejaa viputo, nawe umekwisha kupata jibu. Chukua ndoo, uitoboe matundu madogo mengi chini, uitundike juu ya pipa, na uyapitishe maji humo yaanguke kama mvua, maana kuanguka huko kwa matone membamba huitoa nitrojeni ya ziada na kuingiza oksijeni. Yaache pipani hadi kesho yake, ndipo ubadilishe robo ya maji ya tangi kwa mara moja na si yote. Viputo vya mapezini hutoweka vyenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ukiona sehemu za pezi zimekufa na kuwa nyeupe, weka maji safi zaidi na usizikate.

SWALI: Daktari, mimi ni mzamiaji kijana wa Ujiji. Tunakamata samaki wa mapambo, hasa frontosa wa Kigoma mwenye mistari saba, kwenye mita 20 na zaidi. Nikiwapandisha, wengine hufika macho yametoka, tumbo limejaa, wanaelea chali. Wenzangu huwachoma sindano ubavuni. Je, huu nao ni ugonjwa wa viputo?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Kijana wangu, ni ndugu wa ugonjwa huo, lakini hapa gesi haikutoka majini, ilikuwamo kibofuni tangu mwanzo na wewe umeiachia itanuke. Frontosa, kama farasi wa bahari, ana kibofu kilichofungwa. Kwa kimo cha ziwa letu, hewa iliyo ndani ya kibofu kwenye mita 20 hutanuka takriban mara tatu ifikapo juu, na sehemu mbaya zaidi ya safari ni mita 10 za mwisho, ambazo peke yake huikuza zaidi ya mara mbili. Wavuvi wa migebuka na kuhe wanaovuta kutoka kilindini wanajua samaki anayefika utumbo ukichungulia kinywani. Ni jambo hilo hilo.

Sindano ubavuni, kwa mkono uliozoea na chombo kilichosafishwa, hutoa hewa kwa kweli, lakini huacha jeraha linaloingiza maradhi, na nimeona samaki waliopona kuelea wakafa siku ya sita kwa kuoza ndani. Jicho lisichomwe kamwe. Njia ya haki ni muda. Waweke katika pipa la plastiki lenye matundu, lililofungwa kwa kamba yenye alama, na ulipandishe kwa vituo: kutoka mita 20 hadi 10, kutoka 10 hadi 4, na kutoka 4 hadi juu, ukiwaacha kila kituo angalau siku moja ili damu ipate kukinyonya kilichozidi. Kwa waliotoka chini ya hapo ongeza kituo. Kipimo cha kuendelea si saa bali samaki mwenyewe: ukivuta kamba wakabaki wameinamisha vichwa chini, wakipigana kushuka, maana yake bado hewa inawanyanyua, nawe lishushe pipa mita mbili uwape usiku mmoja zaidi. Kamba ivutwe kutoka mtumbwini. Usipande na kushuka mwenyewe mara nyingi kwa siku kwa ajili ya pipa, kwa sababu nitrojeni inayofanya viputo ndani ya samaki hufanya hivyo hivyo katika viungo vya mzamiaji.

Wakifika nchi kavu, wape tangi lenye kina na kivuli, maji ya ziwa lenyewe, na usiwalishe siku ya kwanza. Aliyevimba bado mrudishe majini ndani ya pipa, kwenye mita zile alizokuwa ametulia.